Wasiosomeka

Getini, Masasi, kabla ya saa kumi na mbili,
tunapanga foleni mbele ya kidude kinachosoma vidole.
Weka. Bonyeza. Subiri taa.
Kijani, umeingia.
Nyekundu, futa kwenye kanga, weka tena.
Somoe Nandonde alipewa nyekundu kila siku ya Mungu.

Miaka tisa ya kubangua.
Mafuta ya ganda la korosho hayana haraka,
yanakula kidole mstari mmoja mmoja.
Tulipaka majivu. Tukapaka nyonyo.
Glovu zililetwa siku ya wageni, zikapigwa picha,
zikarudi stoo na karatasi zake.
Mwisho dole la Somoe lilikuwa laini
kama mbegu ya ukwaju iliyokwisha kunyonywa:
unaligeuza, unaligeuza, humwoni mwenyewe.

Mlinzi wetu, Likwati, ana daftari la shule,
jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada.
Kidude kikikataa, yeye anaandika kwa penseli
jina, saa, na neno moja: hasomeki.
Hakutumwa na mtu.
Alisema, iko siku mtaniuliza.

Alhamisi ile aliandika: Somoe N., kumi na moja na nusu, hasomeki.
Saa tano mashine namba nne
ikamchukua dole gumba na kidole cha shahada.
Dole lile lile lililokataliwa alfajiri
lilipokelewa bila maswali.

Mimi sikusikia mayowe.
Nilisikia mashine ikibadili sauti,
kama inatafuna kitu kisicho korosho,
kisha msimamizi: zimeni!
Kisha maji, kanga, pikipiki.
Kisha: washeni.
Jioni nilifikisha kilo zangu. Na hilo naliandika.

"Ajali haina kinga," meneja alitutuliza.
Ajali haina. Mashine ilikuwa nayo:
bati la manjano, skrubu nne.
Waliifungua mwezi wa kumi, msimu ulipochanganya,
eti inachelewesha mkono.
Mpaka leo ipo chini ya meza ya fundi,
anawekea birika la chai.

Barua ikaja, na muhuri wake.
*Kwa mujibu wa kumbukumbu za mahudhurio,
mtajwa hakuwepo kazini tarehe husika.*
Hakuwepo.
Haya, damu niliyoifuta kwa gunia
ilikuja na gari gani?

Nilimsindikiza kwenye madai ya fidia.
Karani akamsogezea wino: tia dole hapa, mama.
Somoe akainua bandeji.
Basi la kushoto, akasema karani, bila ubaya.
Akatia. Karatasi ikapokea doa tupu,
duara jeusi lisilo na njia ndani yake.
Karani akaliinua kwenye mwanga wa dirisha,
akashusha sauti:
"Mama, hili nalo halisomeki."
Somoe akacheka. Sijapata kusikia kicheko kile,
na sitaki kukisikia tena.

Kesho Jumatatu. Afisa kazi anatoka Mtwara na basi la asubuhi,
ameagiza mashahidi wasizidi wawili.
Kwenye daftari tumo ishirini na saba.
Likwati kalifunga ndani ya rambo, kanikabidhi mimi,
maana yeye mkataba wake umebakiza miezi mitatu
na ana wajukuu;
mimi wangu hawakuwahi kuuandika,
watauvunja vipi?

Usiku nimelifungua kwa tochi ya simu.
Ukurasa wa kumi na nne, penseli ile ile, jina langu.
Mara mbili mwezi wa kwanza. Mara tano mwezi wa pili.
Nilikuwa nimesahau. Taa iliwaka kijani mwishowe,
nikakimbilia trei yangu.

Nimeviangalia vidole vyangu hadi chaji ikaisha.

Kesho nitasimama, nitalifungua,
nitasoma majina yote kwa sauti,
polepole, na saa zake.
Naanza na Somoe.